Mshahara Ulionifuata Nyumbani

4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu za kugombana na majirani, maana nikisikia umenyamaza ndipo ninapoingiwa na hofu. Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na tayari amemng'ata mwenye nyumba, jambo lililowafurahisha wapangaji wote. Mimi bado niko kwa fundi makochi. Nimeshajua kuvalisha kiti kizima bila kuharibu kitambaa, ila vidole vimejaa matundu ya sindano.

Najua simu husikii tena, ndiyo maana nashika kalamu. Kuna hela kidogo nimempa yule jirani yako mwenye duka akufikishie. Ni zawadi tu, usiulize maswali.

Sasa kuna jambo naomba ushauri, na wala si langu. Ni la rafiki yangu. Huyu rafiki alikuwa kiwanda cha sabuni, akagombana na msimamizi mwezi wa kumi na moja, akaacha kazi. Ajabu ni kwamba mshahara unaendelea kuingia benki kila mwisho wa mwezi. Desemba umeingia, Januari umeingia, na juzi umeingia wa Februari. Rafiki yangu amechanganyikiwa. Hakuiba, hakuomba, hakumdanganya mtu. Hela imekuja yenyewe kwa miguu yake. Afanyeje? Akae kimya?

Jibu ukipata nafasi. Hakuna haraka, rafiki yangu anaweza kusubiri.

Mwanao

17 Machi

Baba yangu wee,

Marahaba. Mimi mzima. Goti ndilo limegoma, lakini angalau lenyewe halijaacha kazi. Mwambie mkeo nampenda, na huyo mjukuu wangu aendelee kung'ata.

Hela nimepata, Mungu akuzidishie. Sikuila. Nimenunua mabati sita, nikaezeka jiko lote upya. Fundi alinionya kwamba mvua ikinyesha yatapiga kelele. Nikamwambia yapige yatakavyo, mwenye nyumba ni kiziwi.

Tuje kwa huyo rafiki yako. Naye ana mke, na mtoto anayeng'ata watu? Naye aligombana na msimamizi wa kiwanda cha sabuni, mwezi ule ule uliogombana wewe? Dunia hii ndogo kweli! Basi mwambie rafiki yako kwamba njia ya mwongo fupi, na ya kwake imeishia mlangoni kwangu.

Mwambie na hili: hela haina miguu. Mahali fulani kuna mtu amekosea, na kosa hilo lina mwenyewe. Aende akaulize. Na asiguse hata senti moja mpaka ajue ni za nini.

Shangazi wa rafiki yako

30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, nisamehe. Kwanza mtoto alikuwa na kikohozi, amepona. Pili tulikuwa na makochi ya hoteli, viti arobaini, tumefanya kazi mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Tatu, nilikuwa naogopa.

Ni mimi. Ulishajua, lakini niandike kwa mkono wangu. Mshahara umeingia tena wa Machi, na leo asubuhi wa Aprili. Na zile hela nilizokutumia zilikuwa humo humo. Usinipigie kelele kabla sijamaliza.

Nilidhani ni kiinua mgongo changu. Miaka tisa nimekata miche ya sabuni pale, na sheria inasema nina haki ya kiinua mgongo nikiondoka. Hicho ndicho ninachokingojea nikodi chumba changu mwenyewe cha kazi, niache kuvalisha viti vya watu chini ya paa la mtu mwingine. Nikajisemea, labda wananilipa kidogo kidogo. Lakini hapana. Ni mshahara ule ule kamili. Na wa Machi ulikuwa na saa za ziada! Shangazi, nilifanyaje kazi saa za ziada mahali ambapo sipo?

Nilikwenda benki. Yule dada wa dirishani akaniambia, "Kaka, watu wanakuja hapa kulia kwamba hela haijaingia. Wewe unalia imeingia?" Watu wa nyuma wakacheka. Bosi wangu wa makochi anasema nile, ninyamaze. Mke wangu anasema niende kiwandani. Mimi siku ile nilipoondoka nilibamiza mlango mbele ya watu, nikaapa sitakanyaga tena pale. Sikuandika hata barua ya kuacha kazi. Nitarudije leo nikiwa na kofia mkononi?

Nusu nimeshaitumia. Nimenunua cherehani ya ngozi.

Safari hii nijibu haraka.

Mwanao

8 Mei

Wewe mtoto,

Marahaba, ila ya shingo upande.

Kwa hiyo miezi miwili nimepika chini ya mabati ya watu! Nimemwita jirani, nimemwita mke wa mchungaji, nimewaonyesha: tazameni, mwanangu huyo. Nilikwambia usiguse hata senti, kumbe senti zenyewe nimezipigilia misumari juu ya kichwa changu. Aibu hii niiweke wapi?

Haya, nimeshafoka. Sasa nisikilize. Saa za ziada hazijiandiki. Nimekaa kwenye chumba cha cherehani miaka thelathini na moja, najua: hakuna kitu kinachoingia kwenye karatasi ya ofisi bila mkono wa mtu. Wewe unawaza hela. Mimi nawaza huo mkono. Kuna mtu kila siku anakuandika kwamba upo. Ni nani, na kwa nini? Akikamatwa itakuwaje?

Ulibamiza mlango, ndiyo. Mlango hauna kinyongo. Nenda. Na usiniandikie mpaka uwe umekwenda.

Goti linaendelea vizuri.

Shangazi

6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Nimekwenda, na sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla ya kwenda.

Sikuingia ofisini. Nilisimama nje ya geti asubuhi watu wanapoingia zamu. Acha nikueleze utaratibu, maana bila huo hutaelewa. Ukiingia tu kuna saa ya ukutani, na pembeni yake ubao wa kadi. Kila mfanyakazi anachomoa kadi yake, anaitumbukiza kwenye saa, inagongwa muhuri wa dakika aliyofika. Jioni hivyo hivyo ukitoka. Ukichelewa dakika moja unakatwa nusu saa. Na foleni ni ndefu, kwa hiyo watu wanaofanya kazi mashine moja wana desturi yao: anayewahi anapiga kadi mbili, yake na ya mwenzake. Haikubaliki, lakini wote wanafanya. Mimi mwenzangu alikuwa mzee mmoja. Miaka tisa tumeshika mashine ya tatu, yeye anasukuma mche, mimi nakata. Walituita Mapacha, kwa kuwa yeye ana mvi na mimi nilikuwa na ndevu tatu.

Basi nikamwona kwa macho yangu. Alifika, akachomoa kadi yake, akapiga. Akachomoa nyingine, akapiga. Yangu. Nikamwita kupitia geti. Akaja, akanitazama, akasema, "Leo umechelewa, Pacha. Usijali, nimeshakupigia." Kisha akaingia ndani kufanya kazi.

Sikuondoka pale getini.

Mama mmoja wa kibarua, ndiye aliyechukua nafasi yangu kwenye mashine, alinifuata nje saa ya chai. Yeye analipwa kwa siku, kwa daftari jingine, ndiyo maana ofisi haijagundua kwamba mashine ya tatu ina watu watatu. Akaniambia mzee anasahau. Alianza kidogo kidogo, sasa imezidi. Anamwita huyo mama kwa jina langu la utani. Wenzake wamemwondoa karibu na visu vya mashine, wamempa kazi ya kufunga miche kwa karatasi, na kila mtu amefunga mdomo. Amebakiza miezi sita astaafu na pensheni yake. Wakijua ofisini kwamba amempigia kadi mtu asiyekuwepo nusu mwaka, wataita wizi. Atatoka bila kitu.

Msimamizi naye hakupeleka habari kwamba nimeacha. Alidhani hasira zangu zitapoa nirudi. Baadaye akaona aibu kusema. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi sikuondoka kamwe.

Sasa niambie, Shangazi. Nikinyamaza, naiba kila mwezi. Nikisema, namzika mzee aliyenifundisha kazi. Nikirudisha kimya kimya, karani atauliza ni za nini. Kila mlango ninaoushika una mtu nyuma yake. Nifanyeje?

Na jambo jingine. Konda wa basi ameniletea bahasha ya hela, anasema imetoka kwako. Za nini?

Mwanao

Jumatatu, 22 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara nne. Kuku wawili wametotoa, mke wa mchungaji amejifungua pacha, habari nyingine zote ni za mvua.

Hela za konda usiulize. Zirudi zilikotoka. Jikoni kwangu siku hizi kuna mwanga mwingi, napika vizuri tu.

Kuhusu mzee: sema. Nenda ofisini useme yote, kama ilivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Leo wamempa karatasi afunge, kesho atasahau kwamba amekatazwa visu, atarudi kwenye mashine. Akikatwa mkono, pensheni itamsaidia nini? Hao wanaonyamaza wanadhani wanampenda. Mtu mzima anayesahau akae nyumbani, watoto wake wamwangalie. Waombe wamhurumie, lakini sema.

Hilo ndilo neno langu, na nimelipima.

Shangazi

Alhamisi, 25 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Puuza yote niliyokuandikia Jumatatu. Usiyafanye. Fanya kinyume chake.

Nimekuwa sina amani tangu nilipoiachia ile barua posta. Nilirudi kuiomba, yule bwana wa dirishani akasema ikishaingia sandukuni ni mali ya serikali. Nikagombana naye bure.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, wala marehemu baba yako hakulijua. Masikio yangu hayakuharibika nilipostaafu. Yaliharibika miaka minne kabla. Mwenye chumba cha cherehani alikuwa mkali, mshonaji asiyesikia mteja anachotaka angemfukuza siku hiyo hiyo. Wenzangu walijua. Mteja akiniita, wa kulia kwangu alikuwa ananigusa mguu chini ya meza. Vipimo walinionyesha kwa vidole. Miaka minne, hakuna aliyesema. Ada yako ya shule ya miaka ile ililipwa kwa masikio ya watu.

Na mimi ndiye niliyeandika Jumatatu "sema". Nimejionea haya mwenyewe.

Sijui, mwanangu. Mara ya kwanza maishani nakuambia sijui. Lakini la Jumatatu usilifanye.

Shangazi

4 Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako ya Alhamisi. Ya Jumatatu sijaiona. Kwa hiyo nimeambiwa nifanye kinyume cha jambo nisilolijua! Nimekaa na mke wangu tunakisia. Yeye anasema uliniambia nile hela. Nimemwambia humjui shangazi yangu.

Lakini hayo ya masikio nimeyasoma nikashindwa kula. Nilikuwa darasa la ngapi? Nilikuwa nikija pale chumba cha cherehani, naita, nawe huitiki, nakasirika. Mbona hukusema?

Mshahara wa Juni umeingia. Siwezi kungoja ya Jumatatu. Kesho kutwa naenda ofisini. Nimeshajua nitakachosema, na sikuandikii hapa, maana utaniletea barua mbili.

Mwanao

9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anatembea. Anaanguka, lakini anatembea. Barua ya Jumatatu imefika jana, imechakaa kana kwamba ilikuja kwa miguu. Nimeisoma. Kumbe nilifanya nusu ya Jumatatu na nusu ya Alhamisi.

Nilikwenda na cherehani begani, kwani niliiona nayo ni yao. Karani wa mishahara alinitazama juu ya miwani, akasema, "Wewe si uko mashine ya tatu?" Nikamwambia niliondoka Novemba. Akafungua daftari, akapitisha kidole, akasema haiwezekani, hujakosa hata siku moja, mwezi ujao tunakupa cheti cha mahudhurio mema. Wallahi sijui hadi leo kama nilipaswa kucheka.

Meneja akaitwa. Akauliza nani alikuwa anapiga kadi. Nikasema nilimdanganya mzee. Nilimwambia ninaumwa, anifichie kidogo, nitarudi. Yeye hajui lolote, alimwamini mtu aliyefanya naye kazi miaka tisa. Nilisema bila kupepesa macho. Uliniambia njia ya mwongo fupi, lakini ile niliitembea mpaka mwisho na hakuna aliyenishika.

Mzee amepewa onyo la karatasi tu, wamemwachia miezi yake iliyobaki. Nilimnong'oneza msimamizi habari ya visu, kwa siri, akaapa hatamruhusu kuikaribia mashine. Mimi kiinua mgongo changu kimekwenda chote. Wamekata walichonilipa kimakosa, na kilichobaki wamekizuia kwa sababu ya udanganyifu wangu. Cherehani walinirudishia, walisema kiwanda cha sabuni hakishoni. Jina langu limebandikwa getini kwamba nisiruhusiwe kuingia. Hakuna chumba cha kukodi, Shangazi. Mke wangu alininunia siku tatu. Ya nne akasema, "Umefanya la mtu mzima. Ila usinisemeshe mpaka jioni."

Nilidhani yameisha. Jumapili iliyopita mlango ukagongwa. Alikuwa mzee, amevaa koti, na yule mama wa kibarua amemshika kiwiko. Kumbe walipoiondoa kadi yangu kwenye ubao, asubuhi yake aliitafuta. Alizuia foleni nzima. Walimwambia nimeacha kazi. Akakataa. Akasema, "Angekuwa ameacha kazi angeniaga. Hawezi kuondoka bila kuniaga. Semeni kweli, amekufa lini?" Wakamwambia yu hai, akasema wanamficha kwa sababu ya umri wake. Wiki nzima hakunyamaza, ndipo yule mama akaona amlete aone kwa macho.

Na hakuona. Alinitazama vizuri, Shangazi, akanishika mkono, akasema, "Pole sana. Wewe ndiye mdogo wake? Mmefanana." Yule mama akafungua mdomo amsahihishe. Mimi nikamtikisia kichwa, sijui kwa nini. Nikasema ndiyo, ni mimi mdogo wake, karibu ndani.

Akakaa kwenye kochi nililolivalisha mwenyewe. Akatueleza habari za marehemu. Kwamba alikuwa mzito wa kuamka, mwepesi wa hasira, na mkono wake ulikata mche sawasawa bila kupima. "Lakini hakuwahi kuniacha peke yangu kwenye mashine," akasema. "Hata siku moja." Siku niliyobamiza mlango, Shangazi, mche ulikuwa katikati ya mashine na yeye ameushika upande wa pili.

Mke wangu alikuwa amesimama na vikombe vya chai, ananitazama. Miaka tisa, na hakuwa anamjua mzee yule kwa sura.

Kisha akatoa bahasha. Rambirambi. Hakuna aliyemchangia, ni hela zake mwenyewe, amezikunja ndogo ndogo. "Mpe mjane," akasema. Nikazipokea. Ningefanya nini? Ziko juu ya kabati, sijazihesabu, na kurudisha sijui kwa nani wala kwa jina lipi. Hizi sasa, Shangazi, ni za nani?

Alipoinuka nilimsindikiza mpaka barabarani. Pale nikasimama mbele yake, nikamshika mikono yote miwili, nikamuaga. Nilimuaga kwa kirefu, nikamwita mwalimu wangu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mfiwa. Kisha akanipigapiga bega, akasema, "Maneno mazuri. Kaka yako angeyasema mwenyewe kama angewahi."

Mwanao